Jani Bichi na Bata wa Mama Anasia

Kabla hujaniuliza vifaranga wa bata wanakula nini, lala kwanza kifudifudi sakafuni, uweke shavu chini. Ndiyo, wewe. Weka simu pembeni, lala. Baridi unayoisikia shavuni ndiyo wanayoishi nayo wao siku nzima. Wewe kichwa chako kiko juu huko karibu na dari, unasema chumba kina joto. Kifaranga wa bata ana urefu wa kikombe cha chai, na dunia yake inaishia hapo. Nimelea vifaranga ndani ya nyumba hapa Kirua Vunjo kwa zaidi ya miaka thelathini, na vijana wanaokuja kwangu kulalamika kwamba vifaranga wamekufa, wengi hawakuwahi hata kuinama.

Jina langu ni Aloyce, lakini ukifika njia panda ukamuulizia Aloyce utaonyeshwa watu sita. Muulizie Mzee Bata. Nimestaafu. Mke wangu, Mama Fausta, akisikia hivyo anacheka mpaka anakaa chini, eti mtu aliyefugia bata jikoni kwa mkewe anastaafu kutoka ofisi gani? Basi na acheke. Nimestaafu kwa sababu mikono imeanza kutetemeka, na kazi hii ina sehemu moja inayotaka mkono uliotulia. Nitawaambia ni ipi. Msinikimbize.

Kuna binti anaitwa Neema, anauza mitumba kule Kiboriloni, amepanga chumba kimoja na kibaraza. Mwaka jana alichukua vifaranga wanane kwangu. Siku ya pili akanipigia simu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wanasemaje wangu?"

"Babu, wamerundikana kwenye kona, wanapandana, wanalia tu. Na taa nimewawashia!"

"Shika balbu."

"Eh?"

"Shika balbu kwa mkono wako."

"Nimeshika."

"Imekuunguza?"

"Wala. Iko poa kabisa."

"Basi umewawashia taa wasome, hujawapa joto."

Hizi balbu nyeupe za kisasa zinapunguza umeme, sawa, lakini hazina moto. Zamani balbu ya kawaida ilikuwa inaunguza kidole, na ndiyo hiyo tuliyoining'iniza juu ya boksi. Sasa zimekuwa adimu madukani, nanyi mnanunua hizo baridi, halafu mnasema bata ni wagumu kufuga. Nilimwambia Neema achemshe maji, ajaze dumu la lita tano, afunge kifuniko vizuri, alivishe sweta nzito moja katika mitumba yake, kisha alilaze katikati ya boksi. Nusu saa baadaye akanitumia picha. Wote wanane walikuwa wamejilaza pembeni mwa dumu kama watoto waliomzunguka bibi yao. Umeme ukikatika, ukirudi, dumu halijali.

Lakini usiwaweke joto ukaondoka. Waangalie wanavyolala. Wakirundikana, wana baridi. Wakikimbilia kuta za boksi huku midomo iko wazi, umewachoma. Wakitawanyika tawanyika, mmoja huku, wawili kule, nenda kanywe chai yako. Nimeona watu wananunua vipimajoto. Mimi kipimajoto changu ni wao wenyewe.

Mimi nami nilikosea, tena makosa ya aibu. Nilianza na chemli iliyofunikwa debe lenye matundu. Siku moja mafuta ya taa yakaniishia, nikaingiza jiko la mkaa, nikafunga dirisha na mlango ili joto lisitoke. Mama Fausta alinikuta nimeegemea ukuta, kichwa kinagonga, nacheka mwenyewe. Akanivuta nje kwa kola ya shati. "Baba Fausta, unataka nikazikwe na bata?" Sikuelewa hata kwa nini yeye ndiye azikwe. Mkaa unaua binadamu kimyakimya, sembuse kifaranga. Msiweke jiko la mkaa chumba kilichofungwa. Hapo sitanii.

Kosa jingine ni machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Nilijiambia, machicha si ulezi na ndizi tu? Nikawapa konzi mbili. Baada ya saa moja kifaranga mmoja alikuwa anajaribu kupanda ukuta, mwingine amelala chali anapiga teke hewa. Nikawa nawasimamia kama mwenyekiti wa kijiji baada ya harusi. Walipona, ila mke wangu aliwasimulia wanawake wote wa jumuiya yetu ya kanisa, na hadi leo kuna wanaoniuliza kama bata wangu wameacha pombe.

Na maji. Jamani, maji! Mtu anasema, bata ni mnyama wa maji, basi namletea beseni. Kifaranga aliyelelewa na mama yake anapata mafuta kwenye manyoya kwa kulala chini yake. Wako wa kwenye boksi hana mama. Akiingia majini analowa mpaka kwenye ngozi, anaganda, anakufa. Mpe sahani pana, ujaze vijiwe, maji yapite kati ya vijiwe. Kina kitoshe kuzamisha tundu za pua tu, kwa sababu lazima azioshe, zikiziba hapumui. Na chakula kisiwekwe bila maji karibu, maana bata anakula kwa kusukumia. Pumba kavu zitamkaba.

Sasa mguu.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mama Anasia, mjane wa nyumba ya tatu juu yetu. Alizaliwa Kilema, akaolewa huku Kirua akija na bata wawili, dume na jike, ndani ya kikapu. Mama yake ndiye aliyempa. Alikuwa anasema, "Wenzangu walikuja na vitenge. Mimi nilikuja na bata." Bata wake walikuwa weusi wenye baka jeupe kifuani, upana wa jani la kahawa, na baka hilo halikukosekana kwa mtoto wala mjukuu. Ukimwona bata wa namna hiyo kwenye kihamba cha mtu, shamba lake la nyumbani, ulijua ametoka kwake.

Mwaka ninaousimulia, mbwa wazururaji waliingia bandani kwake wakaua wote. Wote! Kilichobaki ni mayai kumi na moja aliyokuwa ameyaweka chini ya kuku. Wiki hiyohiyo, akikusanya manyoya, akateleza, akavunjika mguu. Akarudi kutoka hospitali na plasta kutoka kwenye unyayo mpaka pajani. Mayai yakaanguliwa, yote kumi na moja, na kuku akawatazama wale watoto wenye midomo bapa akawakataa. Anawadonoa vichwa.

Mama Anasia akaniita. Nilikuwa nimelea vifaranga mara mbili tu maishani, lakini mdomo wangu ulikuwa umelea mara ishirini. Kila mtu alikuwa amesikia jinsi Aloyce anavyojua bata.

"Aloyce," akasema, "mimi siwezi kuinama. Wachukue hawa, ukae nao ndani. Wakikua tunagawana nusu kwa nusu, kama desturi. Lakini ujue, hakuna wengine. Hawa wakiisha, kikapu cha mama yangu kimeisha."

"Mama, hesabu wamekua," nikasema mimi, fundi wa maneno.

Niliwaweka jikoni kwenye boksi pana, chini nimetandika gunia. Gunia ni zuri kwa sababu linakwaruza, kucha zinashika. Lakini vifaranga wa bata wanamwaga maji, wanakanyaga, siku ya pili tu gunia likaanza kunuka. Na Jumamosi ile jumuiya ilikuwa isalie kwetu. Mama Fausta akaniambia nifue gunia. Nikaona kufua ni kazi, halafu halitakauka na mvua hizi. Nikaenda nyuma ya nyumba nikakata majani mabichi ya mgomba.

Msinicheke. Kwetu jani la mgomba ndilo sahani, ndilo mwavuli, ndilo kifuniko cha chungu, na mgeni wa heshima akija unamtandikia jani akae. Nilitandaza majani matatu yanayong'aa, nikawarudisha vifaranga, boksi likapendeza kama meza ya komunyo ya kwanza. Nilijisifu mwenyewe. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Jumamosi asubuhi nikafunua. Sita kati yao walikuwa wamelala kifua chini, mguu mmoja mashariki, mwingine magharibi. Wamepiga msamba. Wakijaribu kusimama, miguu inateleza kwenye jani, inazidi kwenda mbali. Jani la mgomba likilowa ni sabuni. Siku mbili nzima walikuwa wanateleza, nami napita nasifia usafi.

Nilifanya nini? Nililificha boksi chini ya kitanda.

Saa tisa jumuiya ikaja, na Mama Anasia akaja vilevile kwa magongo, wanaume wawili wamemshika kwapani, kwa sababu alitaka kuwaona bata wake. Nikamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, mguu wa plasta juu ya kigoda.

"Wako wapi?"

"Wamelala, mama."

"Kumi na moja wamelala pamoja, mchana kweupe?"

"Wamechoka, mama."

Tukaanza rozari. Fungu la tatu halijafika mwisho, chini ya kitanda wakaanza kulia. Na si mlio wa njaa, anayejua bata anaujua. Mke wangu alinitupia jicho, nikazidi kusali kwa sauti. Mama Anasia aliacha kuvuta shanga zake. Alikaa hivyo mpaka sala zilipoisha, shanga mkononi.

Watu walipoanza kula mtori, nikatoka nje kwenye mpaka wa kihamba, nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo. Ninyi wa mjini labda hamjui. Kwa Wachagga, mtu aliyekukosea akija na isale mkononi, huwezi kumkatalia msamaha. Hata kama mna ugomvi wa damu, unapokea. Nikaingia, nikapiga magoti mbele ya kile kiti, nikalitoa kwa mikono miwili. Vijiko vikasimama nyumba nzima.

"Isale?" akasema Mama Anasia. "Isale ni ya watu waliouana. Ni ya watu waliohamishiana mipaka. Umeniulia bata wangu?"

"Bado, mama."

Walicheka watu! Mimi nilikuwa karibu kulia, nao wanashika mbavu. Yeye hakucheka.

"Mficha uchi hazai, Aloyce. Walete."

Nikavuta boksi. Akawatazama muda mrefu. Akawahesabu kwa kidole, wale wanaosimama watano, wale wa msamba sita. Kisha akasema, "Weka isale yako pale dirishani. Nenda kaniletee ganda kavu la mgomba. La ndani, laini. Na Mama Fausta aniletee maji ya vuguvugu na mafuta ya kupikia."

Sasa sikilizeni, hii ndiyo sehemu inayotaka mkono. Unachana ganda nyuzi nyembamba, bapa, upana wa tambi pana. Unaloweka mpaka lilegee, unalipaka mafuta lisikwaruze. Kifaranga unamshika kwa kiganja, mgongo chini, mpaka atulie. Miguu yote miwili unaileta chini ya mwili inapotakiwa kuwa, unaacha nafasi ya vidole viwili katikati, unazungusha kama namba nane, fundo linakaa katikati, si kwenye mguu. Nilifunga wa kwanza, unyayo ukageuka rangi.

"Umemfunga kama mzigo wa kuni. Fungua."

"Mama, mikono yangu..."

"Mimi mikono yangu ni mizima, ila mgongo na mguu haviinami, na kesho sitakuwepo hapa kuwafunga upya. Leo mikono yangu ni hiyo yako. Fungua, anza tena. Njiti ya kiberiti ipite kati ya uzi na ngozi. Isipopita, umebana. Zikipita mbili, umelegeza."

Tulifunga wote sita. Mtori wangu uliganda. Jumuiya yote ilibaki imesimama, kila kifaranga anapomalizika mtu anasema "haya," na mwenye njiti anajaribu. Wa mwisho tukamshusha kwenye gunia kavu. Alitikisika, akaangukia pua, akasimama. Akasimama! Nilimwambia Mama Anasia, "Aika mae," ndiyo asante ya kwetu. Akasema, "Usinishukuru leo. Nishukuru wakitembea."

Kila asubuhi nilipanda kwake kutoa taarifa. Siku ya tatu mmoja wa wale sita alikufa, nilimkuta amepoa. Njia ya kwenda kwa yule mama siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko siku zote, lakini nilikwenda, sikuficha tena. Akauliza, "Umemzika wapi?"

"Chini ya mgomba, mama."

"Sawa. Waliobaki umewafungua ukaangalia nyuzi?"

"Leo asubuhi."

"Nenda kawaangalie tena."

Siku ya nne watatu walisimama bila uzi. Wawili niliwafunga upya, maana mguu unakua haraka na uzi wa jana ni mfupi leo. Siku ya saba wote watano walikuwa wanakimbilia sahani. Ni wepesi kupona ukiwahi mifupa ingali laini. Ukichelewa mpaka wiki ya pili, utakuwa na bata wa kutambaa maisha yake yote. Kwa hiyo gunia, au maranda ya mbao juu ya gunia, au nyasi kavu zilizokatwa. Kamwe si gazeti, si plastiki, na jani bichi mniachie mimi nililie.

Walipokua, plasta imetoka, Mama Anasia alishuka mwenyewe kuja kugawana. Walikuwa kumi. Mwenye mfugo ndiye huchagua kwanza, na kwa kweli alichagua sawasawa. Alichukua watano ambao hawakuguswa. Akaniachia watano waliofungwa, majike watatu na madume wawili.

Niliumia, sitadanganya. Nikaona ni adhabu. Nikasema, "Mama, angalau tungechanganya."

"Hawa wazima hata mjinga atawafuga," akasema. "Hao wako utakuwa unawatazama miguu kila asubuhi. Na ukiwatazama miguu, utaona na mengine."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa sababu ya kutazama miguu niliona pua zilizoziba, niliona panya alipotoboa boksi, niliona mkia uliolowa kabla haujaleta ugonjwa. Kazi yangu yote ilianzia hapo, nimepiga magoti.

Mama Anasia alifariki miaka mingi iliyopita. Watoto wake wako mbali, na bata wake walikwenda wakiisha, huyu kauzwa, huyu kaliwa, hawa wamekufa kwa kukosa mtu. Wazima wale, ukoo wao wote, hakuna hata mmoja. Bata wenye baka jeupe kifuani unaowaona leo kutoka Kirua mpaka kule Kiboriloni wote wametoka kwa wale watano niliowaharibu. Nikilifikiria hilo huwa nakaa kimya, na mimi si mtu wa kukaa kimya.

Mwezi uliopita Neema alipanda huku kwa daladala, boksi mapajani. Bata wake wa mwaka jana wametotoa, majike wakalalia wenyewe, safi kabisa. Lakini paka wa jirani akawa anazunguka, Neema akawahamishia vifaranga chumbani, akatandika kitambaa cha meza cha plastiki chenye maua, kwa sababu ni rahisi kufuta. Watatu msamba.

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kumgombeza. Nimemwambia gunia, nimemwambia maranda, huyu binti masikio anayatumia kuvalia hereni tu? Lakini alikuwa analia. "Babu, nisamehe. Wana lile baka, na nimewaharibu."

"Wamekufa?"

"Bado."

Bado! Nikacheka peke yangu, akadhani nimerukwa na akili. Nikanyoosha mikono yangu nikaitazama. Ilikuwa inatetemeka kama majani ya mgomba kwenye upepo. Sina haja ya kudanganya, nilisikia uchungu.

"Neema," nikamwambia, "mimi siwezi kufunga. Leo mikono yangu ni hiyo yako. Nenda nyuma ya nyumba ukalete ganda kavu la mgomba. La ndani, laini."

Aliporudi, bakuli la maji ya vuguvugu lilikuwa tayari mezani, na mafuta pembeni, na kiberiti. Sikuwa nimeomba. Mama Fausta, aliyelalamikia harufu ya bata kwa miaka thelathini, alikuwa ameshavuta kiti chenye mgongo akakiweka karibu na mwanga wa mlango.

Neema alibana wa kwanza mno, nikamfungulisha. Wa pili njiti ilipita vizuri. Wa tatu alimfunga bila kuniuliza.

Siku ya tano akapiga simu, kelele za soko nyuma yake. "Babu, wanatembea! Wote watatu! Mmoja amenikimbia mpaka chini ya kitanda!" Kisha akashusha pumzi. "Halafu babu, wakikua, nibakize nani wa mbegu? Niuze hawa wa miguu, nibaki na wale wazima, au?"

"Uza wale wazima," nikamwambia. "Hao watatu ndio bata wa Mama Anasia."